Homa ni kelele za mwili, si za kimelea

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Mtwara

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Kila mmoja hapa amewahi kuweka kiganja kwenye paji la mtoto akasema, "Huyu anachemka." Akiwa na malaria, lile joto halikuletwa na kimelea, yule mdudu mdogo anayeletwa na mbu. Limewashwa na mwili wenyewe, na tusipolielewa hilo tutawatibu watu ovyo.

Mbu akiuma huingiza vimelea vichache tu. Vinakwenda kwenye ini na kukaa huko kama siku saba, na seli moja ya ini inaweza kutoa makumi ya maelfu. Mwenye mwili hana habari, anabangua korosho zake. Vikitoka huko vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, na kila baada ya saa 48 chembe hizo zinapasuka.

Kupasuka huko ndiko kengele. Humwagika taka ya kahawia iitwayo hemozoini, ambayo ni mabaki ya hemoglobini iliyoliwa, ikiwa imenatwa na DNA ya kimelea. Seli za ulinzi zina vipokezi vinavyotambua kwamba vitu hivi si vya nyumbani. Papo hapo zinatoa saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari. Interlukini 12 inaziamsha seli nyingine zitoe interferoni gama, nayo inayachochea makrofaji, yaani seli walaji, ya bandama yameze chembe zilizoambukizwa. Ndiyo maana bandama ya mtoto wa malaria huvimba. TNF, saitokini nyingine, nayo ni miongoni mwa jumbe zinazosababisha ubongo utengeneze prostaglandini, kemikali ya kupandisha joto, na kiwango cha joto la mwili kinapandishwa. Mtu anatetemeka huku anaungua.

Joto hilo lina kazi. Likifika nyuzi 40 linavidhoofisha vimelea vilivyokomaa. Panadol inazuia prostaglandini, basi. Mtoto anapoa, anacheza, na vimelea vinaendelea kuzaana kama kawaida.

Ujumbe ukizidi ndipo balaa linapoanza. TNF nyingi huzifanya kuta za mishipa midogo ya ubongo ziote vinasio zaidi, na chembe zenye *falciparum*, kimelea cha malaria kali, zina protini ya kunasa hapo hapo. Mishipa inaziba, mtoto anakakamaa na kupoteza fahamu. Wazee wetu wakaiita degedege, jina lenye ndege ndani yake, na hadi leo kuna anayeanzia kwa mganga. Saa zinazopotea huko ndizo zinazoua.

Mtaniuliza: kwa nini basi tusiizime TNF? Ilijaribiwa. Gambia watoto wenye malaria ya ubongo walipewa kingamwili za kuifunga TNF. Vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa neva wakawa wengi zaidi. Thailand walijaribu deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga. Matokeo yaliyochapishwa 1982 yalionyesha wagonjwa walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi. Anayewaambia mchome deksa kwa malaria kali, mkatalieni. Mtoto wa namna hiyo anahitaji atesuneti, dawa ya malaria, ya sindano, haraka.

Mwili una breki yake, interlukini 10. Watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria wamekutwa na breki hiyo kidogo ukilinganisha na TNF. Mtu mzima wa Tandahimba aliyeumwa mara nyingi ana breki nzuri, na ana kingamwili dhidi ya sura nyingi za kimelea, ambacho kina jeni takriban 60 za kubadilishia protini yake ya kunasa. Huyu anaweza kubeba vimelea asijisikie chochote, huku mbu wakichukua kwake na kupeleka kwa wajukuu. Akihamia mahali pasipo na malaria kwa miaka, kinga hiyo inapungua. Akirudi ataumwa kama mgeni.

Na kwa kuwa kengele ni ya mwili, inalia kwa wageni wengi. Chikungunya, homa nyingine ya mbu, ilitambuliwa kwenye uwanda huu wetu wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, la kupindapinda kwa maumivu ya viungo. Joto lake kiganja hakiwezi kulitofautisha. Pima malaria kwanza. Ila mgonjwa akimaliza dozi usirudie kipimo cha haraka kuona kama amepona: protini kinachoitafuta hubaki kwenye damu wiki kadhaa. Hapo tumia darubini.

Mwisho, dawa mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6: vya kwanza sasa hivi, vya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta, hata uji wa karanga unatosha. Kosa kubwa hutokea siku ya pili. Vimelea vimepungua, chembe zinazopasuka ni chache, ujumbe umepungua, homa imekwisha. Mgonjwa anafunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga, amtunzie mwanawe. Mkipita nyumbani siku ya tatu, ombeni kuiona pakiti.