Karai la Wageni

Mama zangu wa vibanda, wauza mandazi, ndugu zangu wenye hoteli ndogo hapa Mathare, hamjambo? Nimeombwa niongee kuhusu kunawa mikono. Kunawa mnajua tangu utotoni, kwa hivyo nitakaa sana kwenye karai.

Nilipokuwa mdogo, wageni wakija nyumbani karai lilipitishwa kwa heshima. Babu alianza, wakafuata wajomba, kisha akina mama, sisi watoto tukafunga. Likifika kwetu maji yamekuwa ya kijivu, mafuta yanaelea juu. Tunachovya vidole, tunaingia kwenye ugali. Nilipokuwa tayari muuguzi ndipo nilipong'amua kwamba mwenye tumbo changa kuliko wote ndiye aliyepewa uchafu wa wote. Na kuhara huwaua watoto wengi wa chini ya miaka 5. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo hutoka chooni na kuishia mdomoni, na mara nyingi mbebaji ni mkono. Mteja ametoka choo, ameshika noti, amekupa. Wewe umeipokea, ukageuza chapati kwa vidole vile vile. Ndiyo maana naomba sana: anayepokea pesa asishike chakula, na kama uko peke yako, tumia koleo au kijiko.

Sasa, sabuni ni ya nini? Ngozi ina mafuta, na vijidudu hunata humo. Maji matupu hupita juu yake. Sabuni huyafumua mafuta, kusugua kunabandua vijidudu, maji yanayotiririka yanavichukua. Sugua sekunde 20, msisahau kidole gumba na chini ya kucha, hasa ninyi mnaokanda unga. Msingoje maji ya moto. Ya baridi yanafaa vilevile.

Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wakifa zaidi kwa homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wakifa karibu 18 katika kila mia. Miezi michache baadaye, karibu 2. Wenzake wengi walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Hao walikuwa wasomi, tena wenye nia njema. Humkumbuka daktari huyo kila mtu anaponiambia, "Yangu ni safi, tazama."

Najua mtaniambia maji yananunuliwa, na bomba likikauka mtungi unapanda bei. Ni kweli kabisa, na mwenye kunywa maji ya kununua hastahili kukaripiwa. Lakini kunawa hakuhitaji maji mengi. Chukua mtungi wa lita 5, toboa tundu moja karibu na chini kwa msumari uliopashwa moto. Ukikaza kifuniko, maji yanakoma, ukilegeza, yanachirizika. Kando, chupa ya maji yenye sabuni ya unga kidogo, kifuniko kimetobolewa, imefungwa kwa kamba ili isitembee. Korona ilipoingia mwaka 2020, mitungi ya kunawa ilijaa milangoni. Nikija leo asubuhi nimepita kadhaa, yote mikavu.

Karai silitupi. Likae chini lipokee, na kijana mmoja asimame na jagi awamiminie watu. Babu aanze vile vile, heshima yake iko pale pale, ila maji yatakayomfikia mtoto wa mwisho yawe mapya kama yake.

Nimekuja na mitungi kumi, jiko na msumari, viko hapo nje. Mama uliye karibu na mlango, hebu tuanze na wako.