Protini za S100: Zinachosema na Zisichosema Kuhusu Maradhi

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa afya, wauguzi na wataalamu wa maabara)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Waheshimiwa walimu wangu, madaktari, wauguzi, na nyinyi wanafunzi mliotoka Wete, Micheweni na Mkoani, nakushukuruni kwa kufika.

Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, Blake Moore, alitenga kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe protini iliyobaki imeyeyuka hata maji yaliposhibishwa chumvi ya amoniamu salfeti kwa asilimia 100, na kutokana na asilimia hiyo ikaitwa S100. Leo tunajua kwamba binadamu ana zaidi ya 20 za ukoo huo, zote ndogo, na kwamba hazipatikani ila kwa viumbe wenye uti wa mgongo. Jeni zake nyingi zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 1, ingawa ile ya S100B, ambayo nitaizungumzia kwa urefu, iko kwenye kromosomu ya 21.

Kazi yake inaanza na kalsiamu. Ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu iliyo huru ni kidogo mno, takriban mara 10,000 pungufu ya ile iliyo nje. Seli ikipata ishara, kalsiamu hupanda ghafla, na protini hizi huikamata kwa mkunjo uitwao mkono wa EF, ambao mtafiti Robert Kretsinger aliueleza mwaka 1973 alipochunguza parvalbumini, protini ya misuli ya samaki. Kila protini ya S100 ina mikunjo miwili ya namna hii, na nyingi hushikana mbili mbili. Zikishapata kalsiamu hubadilika umbo, zikafungua upande uliokuwa umefichika, na kwa upande huo zikashika protini nyengine na kuiamrisha.

Lakini kinachotuhusu sisi tunaohudumia wagonjwa ni pale protini hizi zinapotoka nje ya seli. Seli ikijeruhiwa, au seli nyeupe za damu zikiingia vitani, S100 humwagika na kugusa vipokezi vya seli nyengine, hasa RAGE na TLR4, navyo huzidisha uvimbe. Wazee wanasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakusema mbiu hukutajia ni jambo gani. Kwa maoni yangu, makosa mengi katika kusoma vipimo hivi yanatokana na kuidai mbiu itoe maelezo ambayo haina.

Chukueni kalprotektini, ambayo ni S100A8 na S100A9 zilizoungana. Ni karibu nusu ya protini zote zilizomo katika majimaji ya nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Huzinyang'anya bakteria zinki na manganizi, zikakosa cha kukulia. Nyutrofili zikiingia kwenye utumbo ulioumwa, kalprotektini huonekana katika choo, na hustahamili humo kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hutumika kumtenganisha mgonjwa mwenye uvimbe wa utumbo, kama ule wa Crohn au koliti ya vidonda, na yule ambaye tumbo linamsumbua bila ya kuwa na jeraha ndani. Kiwango kilicho chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo kwa mtu mzima hutuliza moyo. Kilicho juu ni shughuli nyengine: maambukizi ya bakteria hukipandisha, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni pia hukipandisha. Kwa hivyo kabla ya kumtajia mtu maradhi ya maisha, muulizeni anameza vidonge gani, na pimeni choo chake kutafuta maambukizi.

Wengine wa ukoo huu nitawapitia kwa haraka. S100A7 huzidi katika ngozi yenye soriasisi, na kwenye ngozi yenye afya huua bakteria aina ya E. koli. S100A4 inahusishwa na kusambaa kwa saratani. Wataalamu wa patholojia hutumia rangi ya kutambua S100 kutafuta melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ingawa vivimbe vinavyoota kwenye neva navyo huikubali rangi hiyo.

Sasa S100B. Hutengenezwa zaidi na astrosaiti, seli za ubongo zinazozitegemeza seli za neva, na baada ya kichwa kupigwa huonekana katika damu. Mwongozo wa nchi za Skandinavia wa mwaka 2013 unaruhusu baadhi ya watu wazima walioumia kichwa kidogo wasipigwe picha ya CT, iwapo damu imechukuliwa ndani ya saa 6 na kiwango ni chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita. Hapa Pemba kila mmoja wetu anamfikiria mchumaji aliyeanguka kutoka kwenye mkarafuu. Mtu huyo mara nyingi huvunjika na mfupa vilevile, na S100B hutoka pia katika mafuta ya mwili na tishu nyengine, hivyo kiwango cha juu hakithibitishi kwamba ubongo umeumia. Kiwango cha chini ndicho chenye faida, nacho kina sharti la muda: protini hii huondoka katika damu upesi, na jibu la chini kwa mtu aliyeletwa jioni baada ya kuanguka asubuhi halina maana yoyote. Aliyepoteza fahamu kwa muda mrefu au anayezidi kusinzia hahitaji kipimo hiki hata kidogo. Anahitaji picha na daktari wa upasuaji. Kwa waliobaki, jambo la kwanza la kuandika kwenye karatasi ya mgonjwa, hata kabla ya kuchukua damu, ni saa aliyoanguka.