Shati Jeupe la Mpiga Dawa

(Mhadhara kwa wapiga dawa na wenye mashamba ya zabibu, Hombolo, Dodoma)

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, vijana, nawashukuru kwa kuacha kazi za asubuhi mkaja kunisikiliza.

Mwangalieni kwanza huyu kijana wetu. Amevaa shati jeupe na suruali nyeupe. Mgongoni ana bomba la lita 16 tuliloazima hapahapa kijijini, na ndani yake hamna dawa, ni maji na rangi nyekundu ya chakula. Nimemwomba apige mstari mmoja wa mizabibu kama anavyopiga siku zote. Ametumia dakika kumi. Sasa geuka, mwanangu, wakuone.

Mmeona mgongoni? Doa kubwa kama sahani, na linashuka kiunoni. Mpira wa mfuniko umechakaa, kila akiinama maji yanatoka. Mapajani nako kumekolea, ingawa bomba halikumwagikia huko. Hayo ni majani aliyoyapiga yeye mwenyewe, kisha akapita katikati yake yakiwa bado yamelowa. Kiganja cha kulia kimekuwa chekundu kwa sababu mkono wa kupulizia unavuja kwenye kiungo. Na hii alama ya vidole kwenye paji la uso? Alikuwa anafuta jasho.

Kitambaa alichofunga mdomoni ni safi kabisa. Wengi wetu tunadhani sumu hupita puani, kwa hiyo mtu akishafunga kitambaa anajiona amejikinga. Kwa mpiga dawa, ngozi ndiyo njia kuu. Tena ngozi haifanani mwili mzima. Wazee wangu mniwie radhi, hili lazima lisemwe: wanasayansi walipopima kwa parathioni, sumu ya kuulia wadudu, waliona ngozi ya korodani inapitisha sumu zaidi ya mara 10 kuliko ngozi ya mkono. Tazameni tena lile doa la mgongoni lilikuwa linaelekea wapi.

Huyu kijana ndiye ninayemfikiria kila nikisikia neno mafunzo. Semina ikiitishwa, anakwenda mwenye shamba au mwenye duka la pembejeo. Kibarua anabaki na bomba. Na kama analipwa kwa idadi ya mabomba, ana kila sababu ya kukimbia. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Arusha. Mamlaka inasajili viuatilifu na kusimamia matumizi yake, na ni jambo jema. Ila sumu iliyosajiliwa bado inaweza kupigwa vibaya, na anayeipiga ni huyu hapa. Mwenye shamba, ukipewa nafasi moja ya mafunzo, mpe yeye.

Na mafunzo yenyewe yawe ya mikono. Chukueni mfano wa kipimo. Wengi tunapima kwa kifuniko cha chupa, wakati vifuniko havilingani. Fanyeni hivi: pimeni eneo la mita 10 kwa 10, tieni maji matupu kwenye bomba, pigeni kwa mwendo wenu wa kawaida, kisha mtazame yamekwisha lita ngapi. Tuseme ni lita 3. Ekari ni karibu mita za mraba 4,000, maana yake maeneo 40 kama hilo, kwa hiyo lita 120. Hayo ni mabomba saba na nusu. Kama kibandiko kinasema lita moja ya dawa kwa ekari, kila bomba lipate kama mililita 133. Lakini kila mtu ana mwendo wake, kwa hiyo kipimo cha jirani usikiazime.

Sasa maji. Mimi nilipokuwa kijana nilipiga dawa kwenye nyanya, na bomba nililioshea korongoni, kwenye mchanga uleule ambao mama zetu walichimba maji ya kunywa. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Linaniuma mpaka leo. Nilidhani mchanga unasafisha. Visima vya bonde la Makutupora, vinavyonywesha sehemu kubwa ya jiji la Dodoma, hupata maji kutokana na mvua kubwa chache zinazopita kwenye korongo za mchanga na kuzama. Mchanga ndio mlango wa maji hayo kuingia ardhini. Ukimwaga masalia hapo, unayatia mlangoni.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na kila suuzo lirudi kwenye bomba likapigwe shambani. Halafu itoboe, isije ikawekewa mafuta ya taa au, Mungu aepushe, maziwa ya mtoto. Dawa za wadudu pigeni jioni, nyuki wakisharudi mzingani, hasa penye alizeti zilizochanua. Salfa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, pigeni alfajiri, maana jua la Dodoma likiwaka sana salfa huunguza majani. Upepo ukiwa mkali, laza bomba.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kuhusu kunywa maziwa baada ya kupiga dawa. Babu, maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaiondoi sumu iliyopita kwenye ngozi. Mtu akianza kutokwa na mate na jasho jingi, mboni zikawa ndogo, misuli ikatetemeka, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mkimbizeni kituo cha afya na kibandiko cha dawa mkononi. Ikiwa ni sumu za jamii ya oganofosifeti, kama ile parathioni, daktari ana atropini, dawa ya kupambana nayo. Akijua amekunywa au amemwagikiwa nini, hapotezi muda kubahatisha.

Nimesema vya kutosha. Bomba la pili liko pale chini ya mbuyu, limewekewa mpira mpya na kiungo cha mkono kimekazwa. Kijana wetu amebadili shati. Safari hii atapiga kutoka upande upepo unakotoka, na hatapita kwenye majani yaliyolowa. Tusogee tukamwangalie, akimaliza tuyaweke mashati yote mawili kwenye kamba.