Kabla ya Mashine ya Pili, Nunueni Chungio

(Mhadhara kwa wasindikaji wa viungo, Unguja)

Assalaam alaykum.

Waandaaji wameandika kwenye ratiba kwamba leo nitazungumzia usindikaji bora wa viungo. Wananijua hawa, na nyinyi wengi mnanijua. Nitazungumzia chungio. Kila nikija nazungumzia chungio, na kila nikirudi nakuta mmenunua mashine nyengine ya kusaga.

Nikiingia kwenye chumba cha usindikaji swali langu ni moja: chembe zako zina ukubwa gani? Najibiwa, "Laini." Laini vipi? "Laini sana, Maalim." Mtu huyo huyo ukimuuliza bei atakutajia mpaka shilingi, ukimuuliza uzito atakuonesha mizani ya dijitali. Ukubwa wa chembe ndio anaupima kwa kusugua vidole.

Ukubwa huu una kipimo chake, mikroni, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, vinataka asilimia 98 ya unga wa ngano ipite kwenye chungio lenye tundu za mikroni 212. Hapo hakuna "laini sana". Unapita au haupiti. Na hicho ni chapati tu, wala si dawa.

Haya, karafuu. Hapa mtanivumilia, kwa sababu nisipoeleweka hapa mengine yote ni kupoteza wakati.

Chukua kitu chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Kina nyuso sita, kwa hivyo eneo lake la nje ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe madadu madogo ya mikroni moja moja. Hukuongeza kitu wala hukupunguza, uzito ni ule ule. Lakini eneo la nje sasa limekuwa mita 6 za mraba, sakafu ya chumba cha mita mbili kwa tatu. Limezidi mara elfu kumi! Mashine zetu hazifiki mikroni moja, najua, msininyooshee mkono. Hesabu haibadiliki kwa hilo: kila ukipunguza ukubwa wa chembe kwa nusu, eneo la nje linazidi mara mbili. Na eneo la nje ndilo linalokutana na hewa, na unyevu, na joto.

Karafuu nzuri ya Pemba, iliyoanikwa ikakauka vizuri, ibonyeze kwa ukucha kwenye kijiti chake. Utaona mafuta yanatoka. Karafuu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, mengi yake ni eujenoli, ndiyo inayoipa karafuu harufu yake, na yamekaa kwenye vifuko vidogo chini ya ngozi. Vifuko vikiwa vizima, karafuu inakaa ghalani miaka na harufu yake. Wewe umeisaga. Umevipasua vifuko vyote, umeyatandaza mafuta juu ya eneo ambalo hukuwahi kulifikiria, halafu umeitia kwenye paketi nyembamba inayong'aa, ukaitundika dukani jua linaipiga. Mgeni anafika kwao anafungua, anakuta vumbi la kahawia. Kisha tunasema wageni hawajui viungo.

Na joto la mashine jee? Wekeni mkono kwenye ubavu wa mashine baada ya kusaga mfululizo. Chumba kizima kinanukia karafuu, na watu wanafurahi: "Karafuu hii kali kweli!" Harufu hiyo mnayoisifu ndiyo bidhaa, inatoka dirishani. Nchi nyengine viwanda vikubwa vinasaga viungo kwa baridi ya naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili mafuta yasiruke. Hatuna haja ya kufika huko. Tuna haja ya kuacha kusaga kilichokwishasagika.

Hapo ndipo chungio linapoingia.

Mnavyofanya ni hivi. Mnatia mdalasini, mnasaga. Mnaangalia, bado una chenga. Mnasaga tena wote. Bado kuna chenga. Mnasaga tena. Chenga zile ni sehemu ndogo tu, lakini mzigo mzima unapigwa. Uliokuwa tayari unazidi kuwa laini, unazidi kupata moto, na chenga mbili tatu zinazunguka humo humo hazijui kinachoendelea. Mwisho mnapata unga wenye vumbi mno na chenga bado zimo. Kisha mnaniambia mashine mbovu.

Kuna atakayesema, "Maalim, bibi zetu walitwanga kwenye kinu, na viungo vyao vilikuwa vitamu, chungio la nini?" Nani kakwambia bibi yako hakuwa na chungio? Alitwanga kidogo, akachunga, uliopita akauweka pembeni, chenga akazirudisha kinuni peke yake. Viwanda vya saruji vinafanya hivyo hivyo: kinachotoka kwenye kinu kinapitishwa kwenye kichambuzi, kilicho laini kinakwenda, kilicho kikubwa kinarudi. Wahandisi wamelipa pesa nyingi kwa mpango huo. Nyinyi mliukuta jikoni mkauacha mliponunua mota.

Mwengine atasema, "Wateja wanataka laini kama poda." Sawa, mteja ni mteja. Lakini upo ulaini unaokula kazi yako mwenyewe. Mwaka 1973 Derek Geldart, mtafiti wa Uingereza, aliyapanga mavumbi katika makundi manne kulingana na ukubwa wa chembe na uzito wake kwa ujazo, akaonesha kwamba zile ndogo kabisa, takriban chini ya mikroni 30, zina tabia yake: zinashikana. Sababu yake ni hii. Ukipunguza upana wa chembe mara kumi, uzito wake unapungua mara elfu, lakini nguvu inayoishikisha na mwenzake inapungua mara kumi tu. Mwisho kunata kunashinda uzito, na unga hautaki kuanguka.

Mmeyaona haya, ila hamkuyapa jina. Manjano yaliyosagwa mno unayatia kwenye faneli ya kujazia paketi, yanajenga tao juu ya tundu, chini hakuna kinachoshuka. Kijana amesimama na kijiko, ngo ngo ngo, anaigonga faneli. Yanaporomoka yote kwa mpigo, paketi moja ina gramu sitini, inayofuata ina ishirini na tano. Kijana anatukanwa. Muacheni kijana, hana kosa.

Sasa kinyume chake, chembe zisizolingana. Kuna bi mmoja wa Mkoani, Pemba, mtu hodari sana, alichanganya bizari ya pilau mwenyewe: vipande vya mdalasini, pilipili manga iliyovunjwavunjwa, na bizari nyembamba aliyoisaga laini. Aliichanganya kwa mkono mpaka ikawa rangi moja, akaitia kwenye ndoo, akaileta Unguja kwa boti. Boti ikatetemeka njia nzima kama kawaida yake. Alipofungua ndoo, juu mdalasini mtupu, chini unga mtupu. Duka lililoagiza likamrejeshea mzigo, likasema hakuchanganya. Alichanganya! Kitu chenye chembe kubwa na ndogo ukikitikisa, zile ndogo zinapenya kwenye nafasi baina ya kubwa na kuteremka, kubwa zinabaki juu. Angechanganya siku nzima pale Mkoani, boti ingemchambulia vile vile. Dawa yake ni chembe za ukubwa unaokaribiana, au kuchanganya baada ya safari, au kujaza paketi ndogo ndogo kabla ya safari. Dawa ya kwanza inataka nini? Mmeanza kunielewa.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, na Alasiri imekaribia. Nilikuwa na mambo ya unyevu, nitayapitia haraka. Chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji na kuyeyuka hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi. Hapa kwetu masika tunaupita huo bila shida. Kwa hivyo ukichanganya chumvi na viungo vyako ukafunga kwenye paketi inayopitisha hewa, umetengeneza tofali. Chumvi itiwe kavu, paketi iwe nzito. Basi.

La vumbi la hewani silifanyii mzaha, ingawa nalo nalikimbiza. Tarehe 14 Disemba 1785, Turin, Italia, ghala la unga la muoka mikate liliripuka, vumbi la unga liliposhika moto wa taa. Mwaka 2008 huko Georgia, Marekani, kiwanda cha sukari kiliripuka kwa vumbi la sukari, wakafa watu 14. Sukari! Ni eneo la nje lile lile: kitu kinachoungua, kikiwa vumbi hewani, kinaungua chote kwa pamoja. Kwa hivyo chumba cha kusagia hakisafishwi kwa feni, havutwi sigara humo, na waya za umeme zilizochubuka hazisubiri mwezi ujao. Na vaeni barakoa, chembe zilizo chini ya mikroni 10 zinafika kifuani. Habari za chembe ndogo zaidi, za nano, chini ya mikroni moja, nimeziacha, mtaniita tena.

Mtu ananiuliza anunue la ukubwa gani. Ukiwa na pesa ya moja, nunua la chuma kisichoshika kutu, tundu za mikroni 500. La pili liwe la 250. La karafuu usilipake mafuta ya mkono wako, karafuu yenyewe ina mafuta ya kutosha kuziba wavu. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni kila ukimaliza, likauke kabisa. Waliokuja na paketi zao wazilete hapa mezani, mizani ipo, tuzichunge tuone zina nini kabla adhana haijatolewa.