Chuma Hakinuki
(Mazungumzo na mafundi wa seremala, cherehani na viatu, Arua)

Ndugu mafundi, mama zangu wa cherehani, asanteni kwa kunirudisha. Mara iliyopita nilisema jambo hili hili la kutoa harufu kwenye vifaa vya kazi, mkaitikia wote. Siku chache baadaye nikamkuta mmoja wenu sokoni anapaka mpini wa patasi mafuta ya taa "kutoa harufu". Aliniona, akanisalimia vizuri, akaendelea kupaka. Basi leo nitasema polepole.

Chuma hakinuki. Najua kuna anayejibu moyoni: mbona nikishika nyundo mkono unanuka chuma? Ndugu yangu, mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba harufu ile inatoka kwenye mafuta ya ngozi yako, yanapovunjika baada ya kugusana na chuma. Nyundo haina kosa. Ni wewe.

Harufu hukaa penye vitundu vya kuishika: mpini, mbao ya randa, ngozi, kitambaa cha ndani ya sanduku, grisi kuukuu iliyoganda kwenye cherehani. Kwa hiyo anayesugua chuma siku nzima anaosha asiyehusika.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Nilinunua sanduku la randa na patasi upande wa Maracha, kwa mzee aliyekuwa ameacha kazi. Vifaa vizuri, bei ya kindugu. Sanduku lilikuwa limekaa miaka katika banda la kukaushia tumbaku, na wengi wenu mmekulia karibu na mabanda hayo, sina haja ya kueleza. Nikaosha kwa sabuni. Tumbaku. Nikapaka mafuta ya taa. Sasa ikawa tumbaku na mafuta ya taa. Nikanyunyiza manukato ya dukani, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu mke wangu ni mlokole. Narudi nyumbani jioni nanuka sigara na manukato. Mtu anayenuka sigara peke yake anaweza kujitetea. Mtu anayenuka sigara na manukato, atamweleza nani kwamba alikuwa na randa? Tulikaa wiki nzima tukisalimiana kama majirani.

Yeye ndiye aliyenipa dawa, kwa hasira. Alisema, "Kama ni vifaa, onyesha ni kipi." Nikafungua kila kitu. Randa nikaitenganisha: ulimi, kabari, mwili. Patasi kila moja peke yake. Kila kipande nikakitia ndani ya kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, nikafunga, kikalala usiku kucha. Asubuhi tukafungua moja moja, tukanusa. Ulimi wa randa, hakuna kitu. Kabari, kidogo. Mwili wa randa, harufu ipo. Kile kitambaa chekundu kilichogundishwa ndani ya sanduku... mke wangu alirudi nyuma hatua mbili, akacheka. Miezi miwili nilikuwa nasugua vyuma, na mwizi amelala kwenye kitambaa.

Fanyeni hilo kabla ya kununua dawa yoyote. Kaveera mnazo, Uganda hii hazikosekani hata serikali ikizikataza.

Kitambaa nilikibandua nikakichoma. Mbao nilizifuta kwa siki, kikombe kimoja kwa viwili vya maji. Nikotini ni ya upande wa alkali, siki ni asidi. Zikikutana inakuwa chumvi isiyoruka hewani, nawe unaifuta. Kufuta, si kulowesha. Randa ukiilowesha, mbao inavimba na kujipinda. Halafu kivulini, penye upepo. Jua la Januari hapa Arua litakupasulia randa kabla harufu haijaondoka. Ikikauka, msasa mwepesi, na ndani ya sanduku shelaki, ile rangi ya kung'arishia mbao, koti mbili, ili kilichobaki kifungiwe humo humo. Siki ikigusa chuma, futa saa hiyo hiyo upake mafuta ya mashine, la sivyo utanipigia simu kuhusu kutu.

Makaa nayo? Ndiyo, yanasaidia, lakini haya ya kupikia ni dhaifu kuliko yale ya kiwandani. Yaponde, yakaushe kwenye sufuria, yapoe kabisa, yaweke kwenye sanduku lililofungwa wiki mbili. Nimesema yapoe. Kuna mtu aliyaweka ya moto, sanduku sasa lina dirisha.

Naona mwenyekiti anainua saa. Haya, mbio mbio.

Mama zangu, cherehani inayonuka naftalini, yale madonge meupe yanayokuja na mivumba, nguo za mitumba: msioshe, haiyeyuki majini. Inageuka gesi yenyewe, kwa hiyo inataka joto na upepo, siku nyingi. Toa droo na kifuniko cha mbao, anika, subiri. Mafuta ya taa kwenye cherehani sitajibu tena. Mnashona gauni la bibi harusi pembeni ya pasi ya mkaa, mnataka nini?

Mkojo wa panya: usifagie pakavu, unaleta magonjwa. Lowesha kwa maji ya sabuni, vaa glavu. Na jiki usichanganye na siki, wala usimwage juu ya mkojo. Zote mbili hutoa gesi ya sumu. Hilo si la mzaha.

Uvundo wa mvua, tatizo ni unyevu, hiyo ni kazi ya dirisha. Ngozi ya mafundi viatu nilitaka kuieleza vizuri, nimeambiwa hapana. Ngozi isiwekwe siki nyingi, isiwekwe juani, basi.

Swali? Wewe mwenye patasi kwenye gazeti, usifiche, nimekuona tangu ulipoingia. Lete hapa. Na nani ana kaveera?