Mbwa Anauamini Mkono Kuliko Mdomo

(Mhadhara uliotolewa katika mtaa wa Himbi, Goma, mbele ya wafugaji wa mbwa na walinzi wa usiku. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Yaliyoondolewa ni mazungumzo ya pembeni tu.)

Wapapa, wamama, na nyinyi ndugu walinzi mlioacha usingizi wa mchana mkaja kuketi hapa, aksanti sana.

Kuna ishara moja ya mkono ambayo kila mbwa wa mji huu anaielewa, hata yule asiye na mwenyewe anayelala chini ya vibanda kule Birere. Unainama, mkono unashuka kuelekea ardhini, na kabla hujagusa kitu mbwa ameshapotea. Jiwe lenyewe hujaliokota. Na mawe hapa kwetu hayakosekani: mwaka 2002 Nyiragongo ilitumwagia lava mpaka katikati ya mji, mwaka 2021 ikaja kusimama mlangoni. Mtoto wa Goma hajawahi kutafuta jiwe akalikosa.

Sasa liangalieni jambo hilo vizuri. Mbwa hakungojea jiwe, wala hakungojea neno. Alisoma mgongo ukiinama, bega likishuka, vidole vikifunguka. Kwa hiyo mtu akiniambia, «Mwalimu, mbwa wangu hajui mambo ya ishara,» mimi namjibu kwamba anayajua sana, ila mji mzima umemfundisha ishara moja tu, na ni ya kumfukuza.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki: mbwa anauamini mwili wako kuliko mdomo wako. Anayeanza kumfundisha kwa mkono anapunguza kazi. Anayeanza kwa kelele anachoka yeye, anachoka mbwa, na majirani wanachoka.

Haya siyo maneno yangu tu. Mwaka 2002 mtafiti Mmarekani, Brian Hare, na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio jepesi kabisa. Vyombo viwili vimefunikwa, chakula kimefichwa ndani ya kimoja, mtu anaonyesha kwa kidole kile chenye chakula. Sokwe mtu, wa jamii ile ile ya hawa wanaotunzwa Lwiro upande wa Bukavu, mnyama mwenye akili ya kuvua mchwa kwa kijiti, alibabaika. Mbwa akaenda moja kwa moja. Kule Budapest, Ádám Miklósi na wenzake walikuwa wameshaona jambo hilo miaka michache kabla. Halafu mwaka 2021, Marekani tena, walipimwa watoto wa mbwa 375 wa wiki 8 hivi, ambao bado walikuwa wanaishi na ndugu zao wa tumbo moja. Walifuata kidole bila kufunzwa, na zaidi ya asilimia 40 ya tofauti kati ya anayefuata vizuri na anayefuata vibaya ilitokana na kurithi. Kwa hiyo kile kijibwa ulichonunua sokoni kimekuja nyumbani kwako kikiwa tayari kinautazama mkono wako.

Ila jaribio ninalolipenda zaidi lilitoka Napoli, Italia, mwaka 2016, kazi ya Biagio D'Aniello na wenzake. Walichukua mbwa wa kuokoa watu majini, waliofunzwa neno na ishara pamoja. Kisha wakawachanganya makusudi: mdomo unasema kaa, mkono unasema lala. Mara nyingi mbwa waliufuata mkono.

Tuje nyumbani kwetu. Papa anamwambia mbwa «asi!», yaani kaa, kwa Kifaransa, maana ndivyo alivyosikia kwenye televisheni. Mama anasema «ikala chini». Mlinzi aliyetoka Masisi anamsemesha Kihunde, shangazi aliyekuja kutembea kutoka Butembo anamkaripia kwa Kinande, na mtoto anampigia Lingala ya nyimbo. Mbwa mmoja, lugha tano, halafu jioni tunakaa na kusema mbwa wa Kijerumani aliyetugharimu pesa nyingi ni mjinga. Mkono hausemi Kinande wala Kifaransa. Nyumba ikikubaliana ishara nne, nne tu, na kila mtu akazifanya vile vile, mbwa anapumua. Hiyo ndiyo sababu ninawasukuma sana watu wa hapa kuliko ningewasukuma watu wa mji wenye lugha moja.

Nani ana mbwa anayejua kukaa? Mama wa mbele, tafadhali, mlete huyo Bobi.

Mama, weka mikono nyuma. Usitikise kichwa, usiiname. Sema neno lako mara moja tu.

(Mama anasema. Bobi amesimama.)

Mnamwona? Anamtazama mama usoni, anatazama kiwiko, anahamisha miguu ya mbele. Anatafuta kitu ambacho hakikuja. Sasa mama, fanya kama unavyofanya nyumbani, ila usiseme lolote.

(Mama anainua kiganja. Bobi anakaa. Vicheko.)

Siku zote mama alidhani Bobi anajua neno. Bobi anajua mkono. Neno na mkono vikitoka kwa wakati mmoja, mkono unalifunika neno, mbwa halishiki. Ukitaka alijue neno pia, na ni vizuri alijue, litangulize: sema, hesabu moja moyoni, ndipo mkono ufuate. Baada ya muda atakaa kabla mkono haujainuka, maana ameshajua kinachokuja. Aksanti mama, Bobi apewe chake.

Sasa namna ya kufundisha. Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo watu wanapoharibu. Chukueni sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, zilizokaushwa, zisizotiwa chumvi wala pilipili. Ni ndogo, zinanuka, na bei yake inavumilika kuliko biskuti za mbwa za dukani. Mbwa amesimama mbele yako. Shika sambaza moja kwa kidole gumba na vidole viwili, kiganja kikitazama juu. Mpelekee puani, anuse lakini asichukue. Kisha inua taratibu, ukiipitisha katikati ya macho yake na kuirudisha nyuma kidogo, kimo cha kiganja kimoja, si zaidi. Pua inaifuata sambaza, kichwa kinakwenda juu, shingo inarudi nyuma, na makalio yanashuka yenyewe. Hujamsukuma, hujamgusa. Yakigusa chini tu, mpe pale pale, akiwa bado amekaa. Ukiinua juu mno ataruka. Ukivuta nyuma mno atatembea kinyumenyume mpaka ukutani, na wewe utasema ni mkaidi.

Akishaelewa, fanya mwendo ule ule mkono ukiwa mtupu, sambaza imebaki mfukoni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kwa mbwa wa siku ya kwanza ni kweli tupu. Lakini mkono mtupu ambao sambaza inatokea nyuma yake, kutoka mkono wa pili, huo anaujua na kuutii. Endelea kuufupisha mwendo mpaka ubaki ule mdogo: kiganja kinapanda kutoka kiunoni mpaka kifuani. Ishara haikushuka kutoka mbinguni, imezaliwa na mwendo uliokuwa unaongoza pua.

Zile tatu zilizobaki nazipitia haraka. Kulala: kiganja kinatazama chini na kushuka. Kungoja: kiganja wazi mbele ya mbwa, kama polisi wa barabarani anavyosimamisha pikipiki pale kwenye sanamu ya Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Kuja: mkono unanyooka ubavuni, kisha unarudi kifuani kwa mwendo mpana. Hiyo ya kuja msiitumie kamwe kumwita mbwa ili apigwe. Akija akapigwa, ameshajifunza, na hatakuja tena.

Ndugu walinzi, hapa nawasemesha nyinyi. Umeme unakatika, umevaa koti jeusi, unafanya ishara mbele ya kifua chako, halafu unalalamika mbwa haoni. Mkono mweusi mbele ya koti jeusi, ataona nini? Mbwa anatushinda katika mwanga hafifu. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, ndio ule unaong'aa ukimmulika na tochi. Lakini kwa kitu kidogo kilichotulia macho yake ni dhaifu kuliko yetu. Anachokamata ni mwendo. Mwaka 1936 walipimwa mbwa wa polisi 14, na wale wenye macho makali zaidi walitambua kitu kinachotembea kwenye mita 810 hadi 900. Kitu hicho hicho kikitulia, walihitaji kiwe mita 585 au karibu zaidi. Kwa hiyo toa mkono nje ya mwili, ubavuni, na uutembeze. Vaa glavu nyeupe au ya njano. Nyekundu haikusaidii mbele ya majani, maana mbwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani.

Kuna mkono mwingine ambao lazima niutaje kwa sababu ya watoto. Mtoto anapenda kumshika mbwa asiyemjua utosini, kutoka juu, huku anamkazia macho. Kwetu huo ni upendo. Kwa mbwa huo ni mkono unaomfunika na macho yanayomtisha. Afundishwe kumwomba mwenye mbwa kwanza, kisha kusimama kwa ubavu, mkono chini, na kumwachia mbwa aje mwenyewe. Asipokuja, basi. Na mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili ni nadra sana mtu kupona, na karibu wote wanaokipata wamekipata kwa mbwa. Hapo hakuna cha kungojea kesho.

Mbwa naye anajibu, na hajibu kwa mkia peke yake. Mkia unaotikisika ukiwa mgumu na umeinuka si salamu. Kulamba pua bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni: anakuambia umemzidi, punguza. Kule Rumangabo, katika Hifadhi ya Virunga, tangu mwaka 2011 kuna kikosi cha mbwa, wakiwemo wale wenye masikio marefu wa aina ya bloodhound, wanaofuata harufu ya majangili. Katika kazi ya namna hiyo, mbwa ndiye msemaji. Mtu anashika kamba ndefu na kusoma: kichwa kimeinuka, harufu imepotea, kamba imekaza, harufu imerudi. Anayejua kutoa amri tu hawezi kazi ile.

Maswali sasa.

(Papa mmoja anauliza kuhusu mbwa wake kiziwi.)

Papa, huyo ndiye mwanafunzi bora wa ishara. Uziwi wa kuzaliwa unaonekana sana kwa mbwa wenye weupe mwingi. Katika wale wa madoadoa, Dalmatian, kule Marekani karibu asilimia 8 hawasikii masikio yote mawili. Tatizo la kiziwi ni kupata macho yake kwanza. Usiku washa na kuzima tochi. Ndani ya nyumba ya mbao kanyaga sakafu kwa kishindo, atausikia mtikisiko miguuni. Juu ya mwamba wetu huu wa lava kishindo hakifiki. Na umfundishe kukutazama mara kwa mara bila kuitwa: kila akikutazama mwenyewe, sambaza. Usimwamshe kwa kumshika ghafla. Barabarani, kamba kila siku, hatasikia pikipiki.

(Mlinzi anauliza: mwizi naye akizijua ishara hizi, si atamwambia mbwa akae?)

Swali zuri hilo, na mnacheka bure. Ikiwa kila anayepita getini anamwinulia mbwa kiganja na kumpa chakula, ndiyo, mwizi atamkalisha. Mbwa anatii mikono iliyomlipa. Kwa hiyo mafunzo yafanywe na watu wa nyumba tu, ndani ya kiwanja, na chakula cha mgeni kikataliwe. Tena mbwa hajali ishara ina sura gani. Hizi nne ni za kawaida duniani, lakini ukitaka «kaa» iwe ngumi kwenye bega la kushoto, itakuwa hivyo, mradi wote nyumbani mnaifanya sawasawa na hamwonyeshi mtu barabarani. Chagueni yenu leo jioni, mkiwa wote, na mlinzi wa zamu ya pili awepo. Na hizo sambaza mumfichie, maana nimesikia nusu yake anaila yeye kwa ugali.