Leteni Vitu, Leteni na Wazee

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi, Kongo, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho

Jambo yenu wababa na wamama, jambo walimu wenzangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Sogeeni mbele, hata chini panakalika.

Tarehe 18 Mei iliwekwa kuwa siku ya makumbusho duniani kote mwaka 1977, katika mkutano wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho uliofanyika Moscow. Baraza lenyewe liliundwa mwaka 1946, na mwaka huohuo ndipo makumbusho ya mji wetu yalipoanzishwa na Mbelgiji Francis Cabu. Mji wa Lubumbashi ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, na makumbusho yalibeba jina la Mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Hebu fikirini: ndani vitu vya babu zetu, mlangoni jina la Léopold. Jina lile limeondoka. Vitu vimebaki, na juu ya hivyo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Kuna swali ninalolisikia katika mitaa ya mji wetu, Kenya, Katuba, hata Ruashi: watu wanatafuta bukari, yaani ugali, ya leo, makumbusho ya nini? Anayeuliza hivyo si mjinga. Ana watoto, ana karo, ana kodi ya nyumba. Ni haki yake ajibiwe kwa kitu anachoweza kukishika mkononi, kwa hiyo nitaanza na msalaba wa shaba.

Sote tunaujua. Katanga, jimbo letu, ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake. Mafundi wanauza mifano yake mpaka leo. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua ulivyotengenezwa? Kazi ile ilingoja kiangazi, baada ya mavuno, mvua zikiwa zimekatika. Wanaume walichimba, wamama na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba mnalolijua. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule unavumilia moto. Jiwe na makaa vikapangwa humo, mivukuto ya ngozi ya swala ikapuliza, na shaba ilipoyeyuka ikamiminwa kwenye kalibu. Hiyo ni kemia, walimu wenzangu! Ni kemia ya watu waliojua joto linalotakiwa bila kuwa na kipimajoto.

Sasa twende kaskazini, ukingoni mwa ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga. Kuanzia mwaka 1957 waakiolojia walifukua makaburi pale, na baadaye sehemu nyingine za bonde la Upemba. Makaburi mengi yalikuwa ya kipindi ambacho wataalamu wanakiita Kisale, kuanzia karne ya 8 hivi mpaka ya 13. Mle walikuta vyungu, mapambo ya shaba, vitu vya chuma. Katika makaburi yaliyofuata ikaonekana misalaba. Mwanzoni msalaba ulikuwa mkubwa, ukiwekwa kifuani mwa marehemu. Karne zilivyosogea ikawa midogo, mingi, ya ukubwa unaokaribiana, ikawekwa kiunoni au mikononi. Mwanamke yeyote anayeuza sokoni katika mtaa wa Kenya ataelewa maana yake kabla profesa hajamaliza sentensi: kitu cha heshima kilikuwa kimegeuka fedha ya kununulia.

Na kwenye kaburi moja la kale zaidi, huko Kamilamba, kulikuwa na shoka la sherehe lenye mpini uliopambwa kwa misumari, na fuawe ya chuma. Mashoka ya namna hiyo bado yalikuwa alama ya mamlaka kwa Waluba, kabila la nchi hii, miaka elfu moja baadaye. Miaka elfu moja! Mtu akikuambia kwamba kabla ya reli hapa palikuwa pori tupu, mpeleke akaone.

Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni vyungu vya watoto. Katika makaburi ya Kisale, mtoto alizikwa na vyungu vidogo, na ukubwa wa chungu ulifuata umri wake. Mtoto mchanga, chungu kidogo kabisa. Kwa hiyo mfinyanzi alikaa chini, msiba ukiwa umeingia, akafinyanga chungu cha kumfaa mtoto huyo. Hatujui jina lake wala la mtoto. Ila wamama mlio hapa mmeshazika watoto, na mnajua ni kitu gani kilikuwa moyoni mwa mtu yule. Hakuna kitabu cha shule kilichowahi kuniambia hivyo. Nimeambiwa na udongo uliochomwa.

Vitabu vyetu vya shule kwa muda mrefu vilisema shaba ya Katanga iligunduliwa na Wazungu. Jules Cornet, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, alifika mwaka 1892 kukagua mawe ya nchi hii, na alikuta watu wameshachimba. Mashimo ya wenyeji ndiyo yaliyowaonyesha wageni pa kuanzia. Tanuri la Lubumbashi lilipotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, jiwe lilitoka mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliujua kwa jina la Kalukuluku. Mashimo ya kale kama yale yanaendelea kumezwa na mashine kubwa za migodi ya leo, na yakishamezwa, ushahidi unaobaki ni ule uliowahi kuchukuliwa na kutunzwa. Huyo baba anayetafuta bukari ya mtoto wake anahusika hapa moja kwa moja: mtoto atakayejua kwamba kazi ya shaba ni ya kwao tangu karne nyingi hatasimama mbele ya mwenye kampuni kama mgeni aliyehurumiwa.

Hata hivyo, kitu peke yake hakisemi yote. Angalieni lukasa ya Waluba. Ni kibao cha mti kinachoshikwa kwa mkono mmoja, kimepigwa shanga na simbi, pengine kimechongwa alama. Watu wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu wa ufalme, walipitisha kidole juu ya shanga zile wakasimulia wafalme, safari, mahali patakatifu. Leo kuna lukasa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimewekewa taa nzuri na vioo safi, na nyingi kati yake hakuna mtu aliyeandika zilisimulia nini. Shanga zipo. Msomaji hakuulizwa.

Linganisheni na mtu wa mji huu, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi hii, picha zipatazo 100, kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa, alikaa naye akarekodi maelezo yake picha kwa picha. Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ukiiona picha yake ya Lumumba unaweza bado kusoma alichosema mwenyewe juu yake. Tofauti ya lukasa iliyonyamaza na picha hizi ni mtu mmoja aliyekaa chini akauliza, akaandika. Inaniuma kwamba picha zenyewe zilikwenda kutunzwa Amsterdam.

Mtaniuliza kuhusu kurudishwa kwa vitu vyetu vilivyochukuliwa na Wabelgiji. Nakubali, virudi. Rais Mobutu alilidai jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, na Ubelgiji ikarudisha vitu zaidi ya 100 kati ya mwaka 1976 na 1982. Kisha ukaja uporaji wa miaka ya 1990, na vingi vikaondoka tena, safari hii kupitia milango yetu wenyewe. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na kinyago kikubwa kiitwacho Kakuungu, cha Wasuku, kabila jingine la nchi hii, kwa mkopo usio na mwisho. Ni hatua, ingawa kuitwa mkopo ni kitu nisichokimeza vizuri. Sitaki tungojee ndege kutoka Brussels huku tukipoteza vilivyo majumbani mwetu.

Maana huko ndiko tunakopoteza zaidi. Mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, anafariki; matanga yakiisha, kofia yake ya kazini, kadi ya posho na picha ya kikosi chake cha tanurini vinatupwa au vinachezewa na watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu chetu, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa mbele yao, waliliona hilo kuanzia miaka ya 2000 walipokusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji. Walionyesha kwamba sufuria, redio na baiskeli ya mfanyakazi vina haki ya kuingia makumbusho kama kinyago cha mfalme.

Ndiyo maana siku hii inanifurahisha, na ndiyo maana sitaki iishe kwa hotuba. Siku moja kwa mwaka si nyingi, lakini inatosha kufanya kazi moja sawasawa. Naomba kila shule ije tarehe 18 Mei na mzee mmoja wa mtaa wake, na mzee aje na kitu kimoja. Wanafunzi wamuulize: nani alikitengeneza, nani alikitumia, kilishikwaje, watu walisema au kuimba nini walipokitumia. Waandike maneno yake kama anavyoyatamka, bila kumsahihisha Kiswahili chake. Simu zenu zinarekodi sauti, zitumieni. Kitu mzee arudi nacho nyumbani akitaka, ni chake. Maneno yabaki na jina lake, la kijiji chake na la kazi yake.

Tuanze sasa hivi. Kuna meza mbili pale mlangoni, madaftari yapo, na wanafunzi wa darasa langu wamejiandaa. Mama, wewe uliyeshika kinu hapo mstari wa pili, naomba uwe wa kwanza. Vijana, msaidieni kukibeba.